Maswali kwa Bibi Muonja Kahawa: Rwanda walitupitaje?

*Bibi Muonja Kahawa alionja kahawa kwa mshahara, Moshi na Bukoba, mpaka alipostaafu. Sasa analima Karagwe, na hujibu barua za wasomaji kuhusu kilimo, biashara na jinsi pesa inavyozunguka vijijini.*

Shikamoo Bibi. Mimi ni mkulima wa kahawa Mbozi na katibu wa AMCOS yetu, yaani chama chetu cha ushirika cha wakulima. Kuna mgeni alipita hapa akatuonyesha pakiti ya kahawa ya Rwanda iliyouzwa Ulaya, imeandikwa mpaka jina la kilima ilikotoka. Nchi ile mwaka 1994 iliteketea, mashamba yakageuka pori. Sisi tumekaa kwa amani miaka yote. Inakuwaje aliyeunguliwa nyumba atuzidi sisi tuliolala ndani? Au ni misaada ya wazungu tu? — Katibu, Mbozi

Marahaba, Katibu. Swali hili naulizwa sana, na mara nyingi anayeuliza ameshajijibu: misaada. Misaada ilikuwepo na nitaisema. Lakini misaada imemwagwa sehemu nyingi ambako kahawa mpaka leo inaanikwa kwenye vumbi, kwa hiyo tutafute zaidi.

Tuanze kwa kunyoosha hesabu. Rwanda haijatuzidi kwa wingi. Sisi tunavuna mara kadhaa ya wanachovuna wao. Na wao wenyewe hawajarudi kwenye zile tani zipatazo 40,000 walizokuwa wakivuna katikati ya miaka ya 1980. Wanavuna kama nusu ya hapo. Kilichobadilika ni thamani ya kilo moja, na kilibadilika mikononi mwa watu ambao zamani hakuna aliyewahi kuwauliza kitu kuhusu thamani.

Kabla ya 1994, kahawa ya Rwanda ilikuwa zao la amri. Mbelgiji alilazimisha kaya zipande, na baada ya uhuru shirika la serikali, OCIR-Café, likawa linatangaza bei moja kwa nchi nzima. Mama wa Butare alichuma mbivu na mbichi kwa pamoja, akamenya nyumbani kwa jiwe au kwa kimashine cha mkono, akavundika kwenye ndoo, akaanika chini. Jirani yake aliyechagua punje moja moja alilipwa bei ileile. Sasa wewe ungechagua? Mwaka 1989 mkataba wa dunia uliokuwa ukigawa viwango vya kuuza kahawa ukavunjika, bei ikaporomoka, watu wakaanza kung'oa mibuni ingawa sheria iliwakataza. Oktoba 1990 vita. Kisha Aprili hadi Julai 1994, watu zaidi ya 800,000 wakauawa.

Hili sikulisoma gazetini. Mwisho wa Aprili mwaka ule, watu wapatao robo milioni walivuka daraja la Rusumo kuingia Ngara kwa muda wa siku moja hivi, na kambi ya Benaco ikawa ghafla miongoni mwa miji mikubwa ya nchi yetu. Nilifika pale na lori la ushirika. Chini ya turubai za bluu palikuwa na kinyozi mwenye kioo kilichopasuka, fundi cherehani, bucha la mbuzi, baa, mtu anayebadilisha faranga kwa shilingi. Nilinunua sambusa, nikapewa chenji. Watu wale walikuwa wametoka kutembea kwa miguu wakiacha kila kitu, na wengine, tuseme ukweli, walikuwa wametoka kuua, na hao ndio walioishika kambi na kuuza chakula cha msaada.

Nakueleza hayo kwa sababu moja. Tukisikia kwamba nchi imeinuka baada ya maafa, tunasema ni ujasiriamali. Ujasiriamali Benaco ulikuwa umejaa tele. Kununua hapa na kuuza pale hakuna anayehitaji kufundishwa, njaa inatosha. Kinachoadimika ni ujuzi wa kumfanya huyo muuza sambusa atengeneze kitu ambacho mtu wa mbali yuko tayari kukilipia zaidi. Ujuzi huo usipokuwepo, wajasiriamali elfu wataendelea kuuziana vitu vilevile.

Ujuzi ulipatikana wapi? Kusini mwa Rwanda palikuwa na mji wa chuo kikuu, Butare, ambao leo unaitwa Huye. Chuo kiliuliwa walimu na wanafunzi, lakini kikafunguliwa tena. Karibu na hapo, Maraba, wakulima walianzisha ushirika mwaka 1999, Abahuzamugambi. Walikuwa maskini kupindukia, na wengi wao ni wajane. Hapo ndipo misaada yako inapoingia: mwaka 2000 ulianza mradi uitwao PEARL, fedha za Marekani, ukiunganisha chuo cha Butare na vyuo vikuu viwili vya huko, Michigan State na Texas A&M. Mwaka 2001 Maraba wakapata kituo chao cha kwanza cha kumenya na kuosha kahawa, kile ambacho sisi tunakiita CPU. Wakati ule nchi nzima vilikuwepo viwili hivi vya kuhesabika. Miaka 10 baadaye vilikaribia 200.

Usiangalie mashine, Katibu. Mashine ya kumenya hata wewe unaijua. Angalia walichofundishwa. Kwanza saa: kahawa iliyochumwa asubuhi imenywe siku hiyohiyo, ikilala tu ndani ya ngozi yake inaanza kuchacha yenyewe na huwezi kuirudisha. Kuitumbukiza majini kabla ya kumenya, na zinazoelea kuziengua. Kuvundika usiku kucha bila kupitiliza. Kuosha kwenye mifereji ambapo nzito huzama mwanzoni na nyepesi husukumwa mbele, kila daraja likawa peke yake. Kisha vichanja. Kahawa ikiwa bado na maji inapelekwa kwanza kivulini, maana kasoro zinaonekana vizuri punje ikiwa imelowa, na akina mama wanaichambua kwa vidole. Halafu jua, kugeuza, kufunika saa za jua kali na mvua ikinyemelea, wiki mbili hivi, mpaka unyevu ufike asilimia 11 au 12.

Nilikwenda Huye kuangalia. Pale kichanjani nilimkuta mjane wa mtu aliyeuawa na mke wa mtu aliyefungwa kwa kuua, wanachambua trei moja. Wageni wakiona hivyo hutokwa machozi na kupiga picha. Niliongea na wale kina mama. Hawakukaa pale kwa kuwa wamesameheana. Walikaa pale kwa sababu kahawa iliyomenywa haingojei, na kituo kilikuwa kimoja.

Jambo la pili, ambalo mimi kwa kazi yangu naliona kubwa kuliko la kwanza, ni kuonja. PEARL walifundisha vijana wa Kinyarwanda kuonja, na wakaweka chumba cha kuonjea kulekule mkulima aliko. Nilimwona binti mmoja akifanya kazi: vikombe vitano vya kila fungu, ananusa unga mkavu, anamwaga maji yaliyotoka kuchemka, anasubiri dakika 4, anavunja povu kwa kijiko na pua iko juu ya kikombe, halafu anafyonza kwa kelele ile ambayo mama yangu angenipiga kofi, anatema. Akaandika alama. Akasema kwa Kiswahili cha Biryogo, mtaa wa Waswahili kule Kigali, "Hii ya Jumanne walichelewa kuvundua." Meneja wa kituo akatazama daftari, kweli Jumanne usiku mtu alisinzia.

Unaona kilichotokea hapo? Zamani anayejua kama kahawa ni nzuri alikuwa mnunuzi peke yake, na alijulia London au Antwerp. Mkulima alikuwa anauza kitu asichokijua. Sisi Wahaya tunajivuna kuwa tunatafuna kahawa na kumkirimu mgeni nayo, lakini mtu wa Kagera anayejua kikombe chake kina ladha gani ni wa kutafuta kwa tochi. Ukijua ulichonacho, unaweza kukataa bei. Mwaka 2002 kampuni ya Community Coffee ya Louisiana ilinunua kahawa ya Maraba. Wakafuata Union Coffee Roasters wa Uingereza, na mwaka 2003 ikawa kwenye rafu za Sainsbury's kwa jina lake yenyewe. Mwaka 2008 Rwanda ikawa nchi ya kwanza Afrika kuendesha shindano la Cup of Excellence, lile la kuonja kahawa na kisha kuzinadi kwenye mtandao.

Na wenye kuthubutu walijitokeza. Epiphanie Mukashyaka, mama wa upande wa Gikongoro, mume wake aliuawa 1994 akabaki na watoto. Alikuwa na biashara ya kununua kahawa. Mwaka 2003 akachukua mkopo wa benki ya maendeleo, akapata mafunzo ya PEARL, akajenga kituo chake Remera na kuiita kampuni yake Buf Café. Kumbuka sheria ya 1999 ndiyo iliyompa binti na mjane wa Rwanda haki ya kurithi ardhi. Bila karatasi ya namna hiyo, benki ingemsikiliza nani? Hapo ndipo napenda watu waangalie: ujuzi, mtu wa kuthubutu, na sheria inayomruhusu kuweka rehani kitu chake. Serikali pia ilikuwa imeshaachia biashara ya kahawa mikononi mwa watu binafsi na ushirika.

Sasa nikupunguzie wivu. Vituo vingine vilijengwa kwa pupa mahali ambapo kahawa haikutosha, vikafanya kazi nusu ya uwezo na madeni yakawakaba. Kilo 6 hadi 7 za mbivu ndizo zinazotoa kilo 1 ya kahawa safi, yaani iliyokobolewa lakini haijakaangwa, na hizo mbivu unazilipa taslimu kila jioni kwa miezi mitatu, wakati mnunuzi wa nje anakulipa msimu umeshapita. Wengi walizama hapo kwenye mtaji wa kuzungushia, wala si kwenye ladha. Wakulima nao wakajifunza kumkimbia mkopeshaji na kupeleka kahawa kituo cha jirani. Mwaka 2016 serikali ikaamuru kila eneo liuze kwa kituo chake tu; ushindani ukafa, wakulima wakanung'unika kuhusu bei, na mwaka 2023 amri ikaondolewa. Kwa hiyo usije ukadhani kwao hakuna maagizo kutoka juu.

Kwenu Mbozi mna nini? Mna arabika nzuri, mna watu, na kituo cha utafiti wa kahawa cha TaCRI pale Mbimba kiko mlangoni kwenu. Kama AMCOS ina akiba, msianze kununua mashine ya pili. Nunueni kikaangio kidogo cha sampuli, kinu, mizani, na kipima unyevu, na mpelekeni kijana mmoja, ikiwezekana binti kwa sababu hatahama haraka kutafuta bodaboda, akajifunze kuonja. Kisha mtenge mafungu kwa siku na kwa mtaa. Mkichanganya kahawa ya aliyeanika kichanjani na ya aliyeanika chini, hata aje mwonjaji kutoka mbinguni mtapata bei ya ile ya chini. Na mwenye tabia ya kuuza butura, kahawa ikiwa bado maua mtini kwa sababu ya ada ya shule, huyo mtafutieni mkopo mdogo mapema, maana huwezi kumfundisha mtu kuchuma mbivu wakati shamba si lake tena.

Bibi, mimi ni Mtanzania nasoma Kampala. Hapa wazee wanabishana: Amin alipowafukuza Wahindi 1972, aliwafungulia Waafrika milango au aliua uchumi? Nawe uliishi jirani na mpaka. Unasemaje? — Mwanafunzi, Kampala

Wazee wako wanabishana kwa sababu wote wana kipande. Hasira haikuanza na Amin. Mwafrika wa Uganda alilima pamba lakini kwa muda mrefu hakuruhusiwa kuichambua kwa kiwanda chake; mwaka 1949 watu walifanya ghasia kwa ajili hiyo, na mwaka 1959 Buganda waligomea maduka ya Wahindi. Mtu aliyezuiwa kuingia dukani isipokuwa kama mteja, ukimwambia duka limebaki wazi, atashangilia.

Tangazo lilitoka tarehe 4 Agosti 1972, siku 90. Maduka yakagawiwa, mengi kwa wanajeshi na jamaa zao. Nilikuwa msichana mdogo. Ninachokumbuka ni sukari. Upande wetu tulizoea bidhaa za Uganda. Baadaye ikawa Waganda ndio wanaokuja usiku Mutukula kutafuta sabuni na chumvi kwetu, ambao nasi hatukuwa nazo.

Mtazame Kakira, karibu na Jinja. Kiwanda cha sukari cha akina Madhvani, na kile cha akina Mehta kule Lugazi, viliifanya Uganda ijitosheleze sukari na kuuza nje. Miwa haikufukuzwa. Mashine hazikufukuzwa. Waliofukuzwa ni waliojua kipuri kipi kinaagizwa wapi, miwa ya shamba lipi ikatwe wiki ipi, na nani analipa deni lake na nani hulipa kwa maneno. Kufikia katikati ya miaka ya 1980 uzalishaji ulikuwa karibu umekufa. Mwaka 1985 akina Madhvani wakarudi kwa ubia na serikali, na mwaka huo ukaingizwa mpaka ndani ya jina la kampuni la wakati ule: Kakira Sugar Works (1985).

Pale katikati wajasiriamali walikosekana? Thubutu! Ulikuwa wakati wa mafuta mingi, wale matajiri wa magendo waliokuwa na kila kitu nchi ikiwa haina kitu. Ndiyo yaleyale niliyomwambia Katibu wa Mbozi.

Kuna upande wa pili ambao wanafunzi huusahau. Watu 27,000 hivi walikwenda Uingereza. Halmashauri ya mji wa Leicester huko ilifikia kulipia tangazo katika gazeti la Uganda Argus kuwasihi wasiende kwao. Walikwenda. Wameruhusiwa kutoka na fedha kidogo sana, lakini hakuna askari wa Entebbe aliyeweza kupekua kichwani. Barabara ya Belgrave ya Leicester, iliyokuwa imeanza kufunga maduka, leo ni mahali pa dhahabu na sari, na sherehe yao ya Diwali inajulikana Uingereza yote. Ila usiimbe wimbo huo ukaishia beti la kwanza. Wengi walianza kama vibarua viwandani, akina mama wakiwa kwenye nguo za kufuma, na mwaka 1974 wafanyakazi wa Kiasia wa kiwanda cha taipureta cha Imperial walilazimika kugoma kwa sababu ya ubaguzi. Mwaka uliofuata kiwanda kikafungwa. Ndipo wengi wakafungua vyao, kwa mitaji ya kuchangiana ndugu kwa ndugu.

Kwa hiyo waambie wazee: mlango ulifunguliwa kweli, lakini kwa namna iliyomtoa mwalimu nje siku ileile mwanafunzi alipoingia. Kuna njia ya kumlazimisha mwenye kiwanda achukue wanafunzi, wabia na mameneja wa Kiafrika kwa miaka 10. Ni ya polepole na haipigiwi makofi uwanjani.

Shikamoo Bibi. Kahawa yetu ya Kalinzi, Kigoma, mnunuzi ameirudisha akisema ina harufu ya kiazi kibichi. Wengine wanasema ni udongo, wengine eti tumerogwa. — Mkulima, Kalinzi

Marahaba. Udongo wenu hauna kosa. Harufu hiyo ya kiazi mviringo kilichotoka kumenywa inasumbua Rwanda pia, na Burundi ambayo ninyi mnapakana nayo. Inahusishwa na mdudu antestia, kunguni wa kahawa, anayetoboa tunda likiwa changa. Ukiitazama kahawa safi kwa macho huioni. Unainusa ikishakaangwa na kusagwa, na mara nyingi ni kikombe kimoja tu kati ya vingi, ndiyo maana mnunuzi mmoja atasifu na mwingine atarudisha fungu lilelile.

Pogoeni mibuni ipitishe mwanga, kwa sababu huyo mdudu anapenda kichaka. Wakagueni asubuhi kabla jua halijapanda. Msiache matunda yakining'inia baada ya msimu. Wakati wa kupokea, zinazoelea na zilizotobolewa ziondoeni kabla ya kumenya na muwauzie wa soko la ndani kwa uwazi. Tumia kichanja cha kivuli kuchambua kahawa ikiwa bado na maji.

Na mnunuzi akirudisha tena, mwombe awaambie ni vikombe vingapi kati ya alivyoonja, na vya fungu la tarehe gani. Kama hamna tarehe kwenye magunia, anzeni msimu huu kuziandika.